Ushahidi Uko Wapi? Kuandaa Maombi ya Uzamili wa Uhandisi wa Fedha

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi wa hisabati, takwimu, aktuaria (hesabu za bima) na uhandisi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti wa idara, wahadhiri wetu mlioketi safu ya mbele, ndugu wanafunzi, hamjambo? Mliosimama mlangoni sogeeni ndani, kwenye ngazi bado kuna nafasi. Na wenzetu mliotoka Arusha kwa basi la alfajiri, poleni na safari.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Leo naomba radhi kwa wahenga. Katika jambo hili chema hakijiuzi. Kila mwaka vijana wenye vichwa vizuri kabisa, vijana wanaofundisha wenzao usiku kabla ya mtihani, hukataliwa na programu za uzamili wa uhandisi wa fedha, yaani fani ya kutumia hesabu na kompyuta kupanga bei na kupima hatari za fedha, programu ambazo wangezimudu bila taabu. Uwezo wanao. Tatizo ni kwamba uwezo huo hauonekani kwenye karatasi walizotuma.

Hebu mfikirieni msomaji wa maombi yenu. Yuko Pittsburgh, au New York, au London. Ana mafaili mengi na dakika chache. Jina la chuo chako huenda hajawahi kulisikia. Hajui kwamba mhadhiri wako wa uchanganuzi hajawahi kumpa mtu alama 80. Hajui kwamba ulisoma huku umeme ukikatika. Ana maswali mawili tu. La kwanza: huyu atazimudu hesabu za wiki ya kwanza? La pili: huyu ataajiriwa?

Mbona la pili linawahusu, wakati kazi ni ya kwako? Kwa sababu programu hizi huchapisha ripoti za ajira: asilimia ngapi walikuwa na kazi siku ya kuhitimu, na asilimia ngapi miezi 3 baadaye. Sifa ya programu imesimama juu ya ripoti hiyo. Kwa hiyo anapokusoma, anamsoma mwombaji wa masomo na mwombaji wa kazi kwa pamoja. Na kwa kila sentensi utakayoandika atakuuliza kimoyomoyo: ushahidi uko wapi? Unasema unapenda hesabu. Ushahidi uko wapi? Unasema unajua kuandika programu za kompyuta kwa Python. Ushahidi uko wapi? Mkitoka hapa na swali hilo moja tu, sitalalamika.

Tuanze na hesabu.

Programu hizi zinataka nini? Kalkulasi mpaka ya vigeu vingi. Aljebra ya mstari, na si kuzidisha matriki tu, bali thamani za aigeni na kwa nini matriki ya kovariansi haipaswi kuwa na thamani za aigeni zilizo hasi. Nadharia ya uwezekano inayotumia kalkulasi. Milinganyo tofautishi, ya kawaida na ya sehemu. Takwimu pamoja na rigresheni. Mbinu za kukokotoa kwa namba. Ukiwa na uchanganuzi halisi juu yake, vizuri zaidi.

Sasa itazame transkripti yako kwa macho ya mgeni. Imeandikwa "MT 274", au "SMA 305", na alama 71. Mgeni anaona nini? Kwetu 70 ni A. Kwa msomaji wa Marekani aliyezoea mfumo wa kwao, 71 ni C. Umefanya vizuri, naye anasoma kwamba umeponea chupuchupu.

Kwa Watanzania shida inakuja kwa mlango mwingine. GPA yenu, yaani wastani wa alama, ni ya kipimo cha 5, na daraja la kwanza huanzia 4.4. Fomu ya mtandaoni ina kisanduku cha GPA. Mwanafunzi anaona wengine wanaandika kwa kipimo cha 4, anachukua kalkuleta: 4.4 mara 4, gawanya kwa 5, anapata 3.52. Anaandika 3.52. Kwa mkono wake mwenyewe amelishusha daraja la kwanza likawa matokeo ya kawaida! Msibadilishe alama. Fomu nyingi zina mahali pa kuchagua kipimo. Chagua cha chuo chako, andika namba kama ilivyo kwenye transkripti, na mambo ya kulinganisha waachie wenyewe. Kama programu inataka tathmini ya shirika kama WES, linalolinganisha vyeti vya nchi mbalimbali, itafanywa na watu wa kazi hiyo. Lakini anzeni mapema, kwa sababu nyaraka lazima zitoke chuoni kwa njia rasmi, na dirisha la msajili mnalijua.

Kisha fanyeni mambo matatu. Tumeni pia nakala ya ukurasa wa nyuma wa transkripti, ule wenye ufunguo wa madaraja. Watu wengi huuacha, na ndio unaosema kwamba 70 ni A. Ombeni barua fupi ya mkuu wa idara inayotaja nafasi: huyu ni wa 4 kati ya 112, na waliopata daraja la kwanza mwaka huo ni 6. Nambari hizo zinaeleweka Chicago kama zinavyoeleweka Chuka. Halafu tengenezeni karatasi moja ya maelezo ya kozi: kila somo la hesabu, mada zake, kitabu kilichotumika, saa za darasa. Si kila programu inaiomba, ila nyingi zina mahali pa kupakia nyaraka za ziada au pa kuorodhesha kozi, na hapo ndipo "MT 274" inapopata maana.

Na aliye na pengo? Mtu wa biashara au uchumi aliyesoma hesabu mwaka wa kwanza tu? Pengo halizibwi kwa cheti cha kuhudhuria. Linazibwa kwa alama. Chukua somo chuoni kama mwanafunzi wa muda, ufanye mtihani, upate matokeo yenye muhuri. Nyinyi wa aktuaria mna hazina ambayo wengi wenu hamwioni: mitihani ya IFoA, chama cha aktuaria cha Uingereza. CS1 na CS2 ni takwimu na michakato nasibu. CM2 ina mwendo wa Brown, yaani hesabu ya kitu kinachoyumba kwa nasibu, na bei za opsheni, yaani mikataba inayokupa haki ya kununua au kuuza kitu kwa bei iliyopangwa. Aliyeipita CM2 amekwisha kujibu nusu ya swali la kwanza la msomaji, naye anaificha chini kabisa ya wasifu wake pamoja na cheti cha skauti. Ipandishe juu! Mitihani ya P na FM ya chama cha aktuaria cha Marekani vilevile.

GRE, mtihani wa kuombea uzamili, nitaipitia haraka. Tangu Septemba 2023 mtihani umefupishwa, unachukua chini ya saa 2. Sehemu ya hesabu ina maswali 27 kwa dakika 47, katika vipande viwili. Hesabu zenyewe ni za sekondari. Kinachowaangusha watu wa hesabu ni haraka na Kiingereza cha swali. Kwa programu kubwa lengeni 167 kwenda juu kati ya 170. Chini ya hapo alama inaanza kuzua maswali badala ya kuyajibu. Unaweza kurudia baada ya siku 21, mara 5 ndani ya miezi 12, na unachagua alama za kutuma. Matokeo hudumu miaka 5, kwa hiyo aliye mwaka wa tatu anaweza kuufanya sasa hivi, hesabu zikiwa bado moto. Ukiufanyia nyumbani, karatasi za kawaida haziruhusiwi, unahitaji ubao mdogo wa kufutika. Vipokea sauti vya masikioni haviruhusiwi. Na umeme ukikatika katikati, shida ni yako. Kama kuna kituo unachoweza kukifikia, nenda kituoni.

Na majina, jamani. Jina la GRE lazima liwe lile la pasipoti. Pasipoti inasema majina matatu, cheti cha sekondari kinasema mawili, transkripti imeanza na la ukoo. Kwa mfumo wa kompyuta hao ni watu watatu. Yarekebisheni leo, maana kiapo cha wakili na safari za ofisini huchukua wiki nyingi.

Jambo la pili ni programu za kompyuta. Hapa nawasimulieni kisa.

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni moja kubwa ya kununua na kuuza hisa Marekani, Knight Capital, iliingia sokoni asubuhi na programu mpya. Ilikuwa na seva 8. Fundi alinakili msimbo mpya kwenye seva 7. Ya nane ilisahaulika, na ndani yake mlikuwa na kipande cha msimbo wa zamani ambacho kwa miaka mingi hakikutumika. Programu mpya ilitumia alama ileile iliyokuwa ikiamsha kipande hicho. Soko likafunguliwa, mzee akaamka. Seva ile ikaanza kutuma maagizo bila kikomo. Ndani ya dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Na mnajua kilicho kichungu zaidi? Kabla soko halijafunguliwa, mfumo wenyewe ulikuwa umetuma barua pepe 97 zenye onyo la hitilafu. Hakuna aliyezishughulikia.

Kwa nini nawasimulia? Kwa sababu wanaoajiri wahandisi wa fedha wanakijua kisa hiki. Wakiuliza kama unajua kuandika programu, hawaulizi kama umewahi kufungua Python. Wanauliza: msimbo wako una majaribio? Nikiuendesha kwenye mashine yangu utafanya kazi? Data isipokuja utafanya nini?

Basi ushahidi wa kuandika programu ni mradi mmoja uliokamilika, na si vyeti 11 vya kozi za mtandaoni. Mradi mmoja kwenye GitHub, tovuti ya kuweka msimbo hadharani, wenye maelezo ya ukurasa mmoja, mtu aweze kuuendesha ndani ya dakika 5.

Mradi gani? Nawaomba msinakili ule wa kutabiri bei ya hisa za Apple. Wasomaji wameuona mara elfu. Mmekaa juu ya data ambayo mwombaji wa Beijing au wa Mumbai hana sababu ya kuigusa. Benki Kuu ya Kenya hutoa kila wiki matokeo ya mnada wa dhamana za muda mfupi za serikali, za siku 91, 182 na 364, na hatifungani za muda mrefu zina minada yake. Benki Kuu ya Tanzania nayo hutoa matokeo ya minada yake. Soko la Hisa la Nairobi lilifungua soko la fyucha, yaani mikataba ya kununua au kuuza siku za mbele kwa bei iliyokubaliwa leo, Julai 2019. Jengeni mkunjo wa riba wa nchi yenu, yaani mchoro unaoonyesha riba kwa kila urefu wa muda.

Ngoja niwaonyeshe jinsi kitu kidogo kinavyoonyesha umahiri. Dhamana ya siku 91, riba ya asilimia 10. Bei kwa kila shilingi 100 ni 100 gawanya kwa 1 jumlisha 0.10 mara 91 kwa 365. Mnapata 97.5675. Sasa mwanafunzi amechukua maktaba ya msimbo ya Marekani, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, ambayo kwa soko la pesa la kwao huhesabu mwaka kuwa siku 360. Anapata 97.5345. Tofauti ni senti 3 na kidogo. Ndogo? Kwenye dhamana ya shilingi milioni 100 ni shilingi 33,000, kwa karatasi moja, kwa kosa la namba moja. Mwombaji anayeandika kwenye maelezo ya mradi wake, "nilitumia siku 365 kwa sababu ndivyo mnada wa Nairobi unavyohesabu, na nina jaribio linalolinganisha bei zangu na za mnada," huyo amejibu maswali yote mawili ya msomaji kwa sentensi moja.

Kisha andikeni palipowashinda. Hatifungani fulani hazina mauzo kwa wiki nzima, bei yake imezeeka, mkunjo unapinda vibaya pale kati. Ulifanyaje? Uliiondoa? Uliipunguzia uzito? Sema. Usiufiche mkunjo mbaya.

Lugha? Python kwanza. C++ kwa kiasi cha kuandika klasi na kujua kumbukumbu ya kompyuta inatumikaje, kwa sababu programu nyingi za uzamili bado zinaifundisha na hazina muda wa kuanza na a, e, i, o, u.

Sasa insha ya dhamira. Nawasimulia kisa kingine, nacho kinahusu fomula mnayoijua wote, ile ya kupanga bei za opsheni.

Fischer Black na Myron Scholes walikuwa na rasimu ya makala yao ya bei za opsheni tangu mwaka 1970. Waliipeleka kwenye jarida la Journal of Political Economy. Ikakataliwa. Wakaipeleka Review of Economics and Statistics. Ikakataliwa. Fomula ilikuwa ileile ambayo leo inafundishwa kote duniani! Hesabu haikuwa na kosa. Waliambiwa mada ni finyu mno, na Black mwenyewe baadaye alishuku kwamba anwani yake isiyo ya chuo kikuu ilichangia. Walifanya nini? Waliiandika upya kwa namna ya kumwonyesha mwanauchumi kwa nini jambo hilo linamhusu: kwamba hata hisa za kampuni yenye madeni zinaweza kutazamwa kama opsheni. Merton Miller na Eugene Fama, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, wakaisoma, wakatoa maoni yao, wakaisemea kwa jarida. Ikatoka mwaka 1973, mwaka uleule soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa.

Mmeona? Anwani isiyojulikana, mada inayoonekana finyu. Sisi nasi tuna anwani zisizojulikana. Dawa yao ndiyo dawa yetu: mwandikie msomaji kwa namna atakayoona kwa nini jambo lako linamhusu.

Kwa hiyo usianze na "Tangu utotoni nimependa hesabu." Kila mtu aliandika hivyo. Usianze na maneno ya mtu mashuhuri. Anza na tatizo: mkunjo ule uliopinda, benki uliyofanyia mafunzo kwa vitendo ambayo ilipima hatari ya mikopo kwa kubahatisha, bima ya mazao ambayo bei yake haikueleweka. Aya ya kwanza tatizo, na ulilifanyia nini. Ya pili, ulikwamia wapi, hesabu gani ilikosekana. Ya tatu, somo lipi la programu hii, kwa jina lake, linaziba pengo hilo. Ya nne, kazi gani unataka baada ya hapo, na iwe kazi yenye jina: kupima hatari, kupanga bei za mikataba, utafiti wa mikakati ya uwekezaji. "Nataka kufanya kazi kwenye fedha" si jibu.

Na muwe wakweli kuhusu mipaka ya mnachokijua. Scholes na Robert Merton, aliyeiendeleza fomula hiyo, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1997. Mwaka uliofuata mfuko wa uwekezaji ambao wote wawili walikuwa washirika wake, LTCM, ulipoteza mabilioni ya dola, mpaka tawi la New York la benki kuu ya Marekani likayaita mabenki makubwa, na 14 kati yao yakachanga karibu dola bilioni 3.6 ili mfuko usianguke ghafla ukaangusha na wengine. Tangu hapo, na zaidi baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, hakuna mwalimu makini wa fani hii anayemtaka mwanafunzi anayeziamini fomula kama msahafu. Anamtaka anayejua fomula inavunjika lini. Sentensi moja ya namna hiyo kwenye insha ina uzito kuliko aya nzima ya sifa.

Kosa la kijinga lakini la kila mwaka: insha ya Columbia iliyotumwa Cornell ikiwa na jina la Columbia ndani. Tafuteni jina la chuo kwenye faili kabla ya kupakia. Na wasifu uwe ukurasa mmoja, bila picha, bila dini, bila hali ya ndoa, bila namba ya kitambulisho. Huko havitakiwi, na vinakula nafasi ya ushahidi.

Sasa naomba niwageukie wahadhiri wetu, kwa heshima zote.

Waalimu wetu, barua zenu za mapendekezo zinawaumiza watoto hawa pasipo nyinyi kukusudia. "Ni kijana mtiifu, huja darasani kwa wakati, ana tabia njema." Kwetu hiyo ni sifa kubwa. Kule inasomwa kama: mwalimu hakupata jambo la kusema kuhusu akili yake. Tafadhali andikeni nafasi yake darasani. Andikeni alichokifanya kwa mkono wake: swali gani alilitatua, hitilafu gani aliigundua, alifanyaje alipokwama. Mlinganisheni na wanafunzi wengine mliowafundisha waliokwenda nje wakafaulu. Hakuna mstari wenye nguvu kuliko huo. Na tumieni barua pepe ya chuo, hata kama inasumbua. Barua iliyotoka kwenye anwani ya Gmail huzua shaka, na mara nyingine hufuatwa na maswali ya kuthibitisha ambayo huja wakati mko likizo.

Nanyi wanafunzi, msimwendee mwalimu wiki moja kabla. Wiki 6 ni adabu. Mpeni kifurushi: transkripti, wasifu, kazi yako aliyoisahihisha, orodha ya vyuo na siku ya mwisho ya kila kimoja, ile ya karibu ikiwa juu. Akikwambia, "Andika mwenyewe nitie saini," usikubali. Mwambie kwa upole: "Mwalimu, nimekuandalia orodha ya mambo niliyoyafanya kwenye somo lako, nakuomba maneno yawe yako." Wasomaji wanazitambua barua tatu zilizoandikwa na mkono mmoja, na hapo faili lote linapoteza imani. Wala msichukue barua ya mjomba mkurugenzi wa benki ambaye hajawahi kuona kazi yenu. Cheo hakishuhudii.

Usaili sasa. Baadhi ya programu hukupa maswali kwenye video: swali linatokea, unapata nusu dakika ya kufikiri, unajibu kwa dakika moja hivi, hakuna kurudia. Kaa ukitazama dirisha ili mwanga ukuangukie usoni. Nyingine, na chuo cha Baruch cha New York kinajulikana sana kwa hili, zinakuuliza hesabu papo hapo. Tulifanye moja pamoja, mtu wa nyuma anisaidie.

Unarusha sarafu isiyo na upendeleo, upande mmoja picha, wa pili namba. Kwa wastani utarusha mara ngapi mpaka upate picha mbili mfululizo? Na mara ngapi mpaka upate picha ikifuatwa na namba? Wangapi wanasema ni sawa? Mikono mingi. Uwezekano wa kila jozi ni robo, kwa hiyo inaonekana ni sawa. Siyo. La kwanza ni 6, la pili ni 4.

Kwa nini? Sikilizeni kinachotokea ukikosea. Umepata picha ya kwanza, unatafuta ya pili, inakuja namba: umerudi mwanzo kabisa, huna kitu. Lakini kama unatafuta picha kisha namba, na inakuja picha tena, hujarudi popote. Bado una picha mkononi, unasubiri namba tu. Kusubiri namba ni mara 2 kwa wastani, kusubiri picha ya kwanza ni mara 2, jumla 4. Kwa lile la kwanza, wastani tuuite E. Mara 2 kupata picha, mara 1 ya kujaribu, na nusu ya uwezekano wa kuanza upya: E ni 3 jumlisha nusu ya E. Basi E ni 6.

Anayekusaili anataka kukusikia ukisema, "Nikikosea narudi wapi?" Kujua jibu kwa kukariri hakumsaidii. Atabadilisha sarafu iwe na upendeleo, akuone. Semeni mnachofikiri kwa sauti. Sisi tumelelewa kunyamaza mpaka tuwe na jibu, na ukimya wa dakika mbili kwenye usaili husomwa kama kukwama.

Nimalizie na pesa na njia, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Kwa programu kadhaa za juu za Marekani karo peke yake hupita dola 80,000 kwa kozi nzima, kabla hujala. Baruch, kwa kuwa ni chuo cha umma cha jiji, huwa nafuu kwa mbali. Ufadhili kamili kwa uzamili wa aina hii ni haba. Wapo wakopeshaji kama Prodigy na MPOWER wanaokopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini, lakini riba zao zisomeni kwa kalkuleta ileile ya hatifungani, mkijua kwamba mshahara wa kulipa deni la dola ni wa dola. Programu nyingi za fani hii zimo kwenye kundi la sayansi na teknolojia, kwa hiyo mhitimu mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anaweza kuomba miezi 12 ya kazi na nyongeza ya 24. Hata hivyo, kanuni za viza hubadilika kwa amri moja ya rais wao, na haziwagusi Mkenya, Mtanzania na Mrundi kwa namna moja. Kabla hujalipa hata ada ya maombi, soma ukurasa wa ubalozi unaohusu pasipoti yako. Usiweke mayai yote Marekani.

Uingereza kozi ni ya mwaka mmoja, Imperial na Oxford wanazo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufadhili uzamili huko, lakini inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi na kurudi nyumbani kwa miaka 2. Cape Town wana uzamili wa fedha za kihisabati. Taasisi ya hisabati ya AIMS mjini Kigali inatoa uzamili wa sayansi za hisabati kwa ufadhili, na kwa mwenye pengo la hesabu huo ni mwaka wenye thamani kubwa. WorldQuant University inatoa uzamili wa uhandisi wa fedha mtandaoni bila karo. Wengine huanza huko, wakiwa kazini hapahapa, ili kupata ushahidi, kisha wakaomba kwingine wakiwa na nguvu.

Ombeni programu 6 hadi 8. Kila ada ya maombi mara nyingi ni dola 100 au zaidi, kwa hiyo andikeni mapema kuomba msamaha wa ada. Barua pepe fupi, ya heshima, yenye sababu, wapo wanaokubali. Pesa za ada na mitihani zikikutosha kwa programu 4 tu, fanya 4 vizuri. Na tazameni kalenda ya kila moja. Nyingi huanza Agosti, na maombi hufungwa kati ya Novemba na Januari. Berkeley huanza Machi. Anayehesabu kwa mazoea ya Agosti hukuta mlango umefungwa. Kwa anayelenga Agosti ya mwaka kesho, GRE iwe imekwisha ifikapo Septemba, mradi uwe umekwisha Oktoba, waalimu wawe na vifurushi mwanzoni mwa Oktoba. Na barua ya msajili kwamba umesomeshwa kwa Kiingereza, ambayo kwa programu nyingi inakuondolea mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, iombeni pamoja na transkripti, kwenye foleni ileile.

Dirisha la msajili linafunguliwa saa 2 asubuhi. Kesho ni Jumatatu. Sasa nipo kwa maswali, na dada uliyenyoosha mkono tangu kwenye sarafu, anza wewe.